Nyumba na Jirani: Wanaoishi Chini ya Kilima cha Makerere

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Agosti, wazazi huonekana wakipanda na kushuka vichochoro vya Kikoni, Nakulabye na Wandegeya, mjini Kampala, pamoja na vijana wao na magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Miongoni mwao wamo wake wa askari jeshi waliotoka kambi za mbali, na wake wa polisi waliotoka Nsambya na Naguru. Kijana amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Makerere, na furaha ya nyumbani ni kubwa. Lakini nafasi ya kusoma siyo nafasi ya kulala, na swali linalomsumbua mzazi ni moja: Je, mtoto atalala wapi, na atalala salama?

Swali hili lina historia. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ndogo ya ufundi. Mwaka 1949 kikawa chuo kilichoungana na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha Uganda. Kila kilipokua kilihitaji ardhi, na ardhi ya kilimani haikuwa bila wenyewe. Mwaka 1945 Katikiro wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliunga mkono sheria iliyowezesha ardhi kuchukuliwa kwa faida ya umma, pamoja na upanuzi wa chuo. Tarehe 5 Septemba ya mwaka huo alipigwa risasi na kufa penye kanisa kuu la Namirembe. Bweni moja la wanafunzi lina jina lake hadi leo, na vijana wengi hulitaja kila siku bila kujua kwamba jirani na chuo walianza na ugomvi wa kiwanja.

Kwa miaka mingi baadaye mambo yalitulia, kwa kuwa serikali iliwalaza na kuwalisha wanafunzi wote ndani ya mabweni. Mabadiliko yakaja mwanzoni mwa miaka ya 1990, chuo kilipofungua mlango kwa wanafunzi wanaojilipia. Hesabu ya wanafunzi, ambayo ilikuwa chini ya 10,000, ilipanda katika muda wa miaka kumi na kitu hata ikapita 30,000. Mabweni hayakuongezeka kwa kadiri hiyo. Waliobaki nje walitelemka kilima wakatafuta vyumba kwa wananchi, na wenye viwanja wakabomoa nyumba za chini na migomba wakajenga hosteli za ghorofa. Hivyo ndivyo mitaa ya leo ilivyozaliwa.

Mitaa hiyo haifanani. Wandegeya, ulio mashariki, ni mtaa wa biashara usiolala mapema. Jina lake, wasemavyo wenyeji, limetokana na ndege mnana, ambao kwa Kiganda huitwa endegeya, waliojaza viota vyao katika miti ya zamani. Siku hizi mwenye enzi mitini ni kaloli, yule ndege mkubwa mwenye upara, na mwenye enzi chini ni mwuzaji wa chapati na mayai, chakula ambacho Uganda nzima hukiita rolex. Hapo pana soko, msikiti, maduka ya kupiga chapa na njia panda ambapo barabara ya Bombo hukutana na barabara za kilimani. Taa ni nyingi na watu ni wengi. Mwizi wa Wandegeya ni mwizi wa msongamano: hunyakua simu mkononi mwa anayezungumza, au mkoba katika dirisha la gari lililosimama.

Kikoni, upande wa magharibi, ndio mtaa wa hosteli hasa. Mchana ni kama sehemu ya chuo. Vijana wamejaa barazani na vitabu, na kina mama huuza matoke na maharage. Usiku mambo hutegemea kichochoro. Penye geti, taa na mlinzi pana utulivu, lakini hatua hamsini mbele huenda pakawa na giza, baa na vijana ambao si wanafunzi wala si wafanyakazi. Nakulabye ni mji wa zamani zaidi, wenye familia zilizozaa na kulea hapo, na huko kodi hupungua kidogo kwa kuwa mwendo ni mrefu. Makerere Kivulu, upande wa kusini, una vyumba vya bei nafuu vilivyobanana, ambako mwanafunzi na fundi wa viatu hugawana ukuta mmoja.

Kuna tena Katanga, bondeni kati ya kilima cha Makerere na hospitali ya Mulago. Wazazi wengi wakisikia jina hili hutikisa kichwa. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za huko ni za udongo na mabati, mifereji hufurika wakati wa masika, na pombe kali huuzwa tangu asubuhi. Lakini mtu wa haki hana budi kusema yaliyobaki. Ni wakazi wa Katanga wanaofua nguo za wanafunzi, wanaofagia wodi za Mulago, na wanaobeba mizigo ya soko la Wandegeya. Mama anayeamka saa kumi usiku kukanda unga bondeni ndiye anayemlisha daktari wa kesho kilimani. Kumwita mwizi kwa sababu ya anwani yake ni dhuluma, na ni upumbavu pia, kwa maana yeye ndiye amjuaye mwizi wa kweli kwa uso na kwa jina.

Hapo ndipo askari anapoingia katika habari hii. Katika mitaa hii vazi la serikali halikupendwa sikuzote, na sababu zake zajulikana. Mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Machi 1976 mwanafunzi wa sheria, Paul Serwanga, aliuawa kwa risasi Wandegeya, na Agosti mwaka huo huo askari jeshi waliingia chuoni wakawapiga wanafunzi. Wazee wa mitaa hiyo husema kwamba enzi zile Kiswahili kikisikika usiku barabarani, watu walizima taa. Lugha ya askari ikawa lugha ya hofu. Na hata Amin alipokwisha kuondoka, msiba haukukoma: Desemba 1990 wanafunzi wawili waliuawa kwa risasi za polisi wakati wa mgomo, na Machi 2010 mlinzi wa hosteli, kwa bunduki aliyopewa kulinda, aliwaua wanafunzi wawili waliokuwa katika kampeni za uchaguzi wao.

Mambo haya hayatajwi kwa kufukua makaburi. Yanatajwa kwa sababu polisi wa doria hawezi kukamata mnyang'anyi wa Kikoni kama mwenye kibanda amefunga mdomo. Kamera zilizofungwa jijini tangu mwaka 2018 zimesaidia barabara kuu, na ukuta wa chuo umeziba njia nyingi za mkato. Lakini kamera haina jicho kichochoroni, na ukuta haujui nani ni mgeni. Anayejua ni jirani. Na jirani husema anapomwamini anayemwuliza.

Basi mzazi afanye nini? Ni vema kuangalia mfano wa mke wa sajini mmoja aliyekuja kumtafutia binti yake chumba. Mama huyu hakuanza kwa kuuliza bei. Alikuja mara mbili, mara ya kwanza adhuhuri, mara ya pili saa mbili usiku, akatembea kwa miguu kutoka geti la chuo mpaka mlango wa hosteli, akihesabu taa. Palipokuwa na hatua nyingi za giza, aliacha chumba hicho ingawa kilikuwa rahisi. Aliangalia kama dirisha lina vyuma, na kama vyuma hivyo vyaweza kufunguliwa kwa ndani moto ukitokea. Alitazama alama ya maji ukutani, ajue mfereji hufurika hadi wapi. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, yule wa baraza la kwanza.

“Baba Mwenyekiti,” alisema kwa adabu, “nimemleta mwanangu awe mwana wenu.”

“Karibu, mama,” akajibu mzee. “Wengi huleta watoto wakaondoka bila kutuambia majina. Mtoto akipotea, ndipo watuulize sisi.”

Jina la binti likaandikwa daftarini, pamoja na namba ya simu ya baba yake. Mzee akamwonyesha mama nyumba ya mjane anayeuza maziwa njiani, akamwambia: “Akichelewa usiku, apite hapa. Huyu halali kabla ya saa sita.” Maneno hayo mama aliyaona bora kuliko kufuli.

Yafaa pia vijana wafunzwe mambo machache. Wiki za kwanza za muhula ndizo hatari, kwa kuwa wezi wanajua kwamba fedha za ada na vyombo vipya vimefika. Wiki za likizo ni hatari kwa namna nyingine, kwani mitaa hubaki mitupu. Mtu asizungumze kwa simu akitembea gizani. Achague mwendesha bodaboda anayejulikana kituoni. Arudi na wenzake kutoka maktaba. Na akipatwa na jambo, apige 999 au 112, kisha aende kituoni kuandikisha, hata kama kilichoibiwa ni kidogo, kwa maana wizi usioandikwa hauleti doria.

Kwa upande wake, askari anayelinda kilima hicho na akumbuke kwamba huenda binti wa mwenzake analala nyuma ya lile dirisha, na kwamba kijana anayebweka maneno ya mgomo leo ndiye hakimu au mganga wake baadaye. Salamu ya jioni kwa mwuza chapati haigharimu risasi hata moja, nayo huleta habari ambazo kipigo hakijapata kuzileta.

Chuo hakiwezi kuhama kilima, wala jirani hawatahama bonde. Wamefungwa pamoja na njia moja, soko moja na usiku mmoja. Wahenga walisema: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.