Mwacheni Mzee Apige Solo

"Apumzike sasa, awaachie vijana." Maneno haya nayasikia Singida kila anapotajwa mwanamuziki wa dansi aliyevuka miaka sitini. Husemwa kwa sauti ya huruma, kana kwamba msemaji anamtakia mzee wa watu mema. Mimi nayaita uonevu, kwa sababu wengi wanaoyasema hawajasimama mbele ya mpiga solo mkongwe hata usiku mmoja. Wamemsikia redioni tu.

Nami nilianzia redioni. Nimekulia Manyoni, katika nyumba ambayo redio ilikuwa mali ya baba na mkono mwingine haukuigusa. Humo nilijifunza kutofautisha gitaa la bendi ya NUTA Jazz na la Morogoro Jazz kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nikakua nikiamini kwamba wimbo ni ule uliomo redioni, na kwamba bendi ikipanda jukwaani kazi yake ni kuurudia bila kukosea.

Sivyo. Nyimbo zile zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na muda ukiwa umebanwa. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anatoa kisa chake taratibu, kisha inaingia chemko, magitaa yakijibizana na tarumbeta, na watu wanaacha meza zao. Ukumbini chemko inaweza kuchukua dakika kumi na zaidi, kadiri wachezaji wanavyoitaka. Redioni ilipewa dakika chache tu. Anayempima mpiga solo kwa rekodi hiyo anampima kwa nusu ya kazi yake, tena nusu aliyoifanya akiwa kijana.

Mpiga solo niliyemfuata Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka Singida mjini, nilikuwa nimemsikiliza zaidi ya miaka thelathini kabla ya kumwona. Jina lake silitaji, maana nisemayo yanawahusu wote wa rika lake. Alianza ameketi kwenye kiti cha plastiki. Spika zilikuwa mbovu, besi ikimeza kila kitu, na kwa saa nzima nilisikia nusu tu ya nilichokijia. Ulipofika wimbo ninaoujua kwa moyo, solo ya mwanzo hakuipiga kama nilivyoizoea. Aliipunguza. Nakiri kwamba hapo nilisononeka, nikasema moyoni kumbe wenzangu wana hoja.

Chemko ikaingia. Mzee akanyamaza kabisa, akawaachia mpiga ridhimu na kijana wa second solo, yaani gitaa la pili la solo. Wakaenda hivyo kwa muda mrefu, yeye ametega sikio tu. Aliporudi alirudi na sauti tatu. Akazirudia, akazirudia tena, kisha akaisogeza moja kidogo, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mama mmoja aliyekuwa akicheza peke yake karibu na jukwaa alibadilisha hatua. Mzee akaiona miguu yake, akaifuata kwa gitaa. Mama akajibu, naye akamjibu. Sijui ilidumu dakika ngapi. Najua kwamba hakuna mkanda wala santuri yenye kitu kile, na kwamba alipokuwa na miaka ishirini na tano asingeweza kukipiga, kwa sababu asingevumilia kunyamaza vile.

Ndiyo, vidole hupungua kasi. Kasi ni sehemu ndogo ya gitaa. Jirani zetu Wagogo, ambao wako hata Manyoni kwetu, hawajawahi kumwambia mzee wa zeze aache kwa kuwa ana mvi. Mpiga zeze Hukwe Zawose wa Dodoma alikuwa amevuka sitini albamu yake ya Assembly ilipotoka mwaka 2002. Huko Marekani, mpiga gitaa B.B. King alizaliwa 1925 na mwaka 2014 bado alikuwa jukwaani. Mashabiki wa blues walikwenda kusikia jinsi alivyoifanya noti moja izungumze. Sisi tulimzika mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe Januari 1979 akiwa na miaka 34. Tunamlilia mpaka leo, na hatutajua kamwe gitaa lake lingesema nini akiwa na miaka sabini. Iweje basi tuliojaliwa kubaki na wakongwe wengine tuwafukuze?

Wanaosema "awaachie vijana" hawajui bendi inavyofundisha. Yule kijana wa second solo alikuwa shuleni usiku ule, mita moja kutoka kwa mwalimu wake. Mpiga solo Said Mabera aliingia NUTA Jazz mwaka 1973. Bendi ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na katika majina yote hayo gitaa lake la solo ndilo lililowaonyesha wageni njia. Hakumzibia mtu nafasi.

Anayewazibia vijana wapiga magitaa nafasi ni pleibeki, kuimba juu ya muziki uliorekodiwa. Huku mikoani mwandaaji hufanya hesabu: bendi ya watu kumi na wawili inadai nauli, malazi na chakula, ilhali mwimbaji mmoja anakuja na flashi mfukoni. Anamchagua wa flashi. Kisha tunageuka na kusema dansi limezeeka, wakati kilichotokea ni kwamba hatukulipia basi la bendi.

Ninawaomba waandaaji wa Singida wawalete wakongwe wangali hai, na wawatafutie spika nzima. Na wewe msomaji, bendi hiyo ikifika, lipa kiingilio na usikae meza za nyuma. Sogea jukwaani ucheze, maana mzee atakuwa anaitafuta miguu yako ajue pa kwenda.