Umeolewa Mikumi, Bado Unaishi Unguja?

Mashoga zangu mlioolewa Kilosa na Mikumi, leo sina maneno matamu. Boti na basi vimekufikisha Morogoro, lakini kutwa umo kwenye magrupu ya Unguja: la sare, la upatu, la umbea. Jirani kafiwa, huna habari!

Eti kutoka ni kuwatupa wenzio. Si kweli. Kuunga udugu ni wajibu, mpigie mama kila siku. Lakini grupu si damu.

Mtume (S.A.W.) aliipenda Makka, na alipoikomboa mwaka wa 8 Hijria, alirudi Madina kwa Ansari waliompokea.

Ansari wako ni mwanamke wa mlango wa pili, atakayekushika mkono ukipata uchungu wa uzazi usiku. Jina lake unalijua?

Waage wenzio kwa wema, utoke. Kisha kampigie hodi.