Mabusha yatibiwe, tena mapema

Kwetu Msimbati, karibu na Ruvuma inapoingia baharini, madafu husingiziwa kuleta busha. Wengine hudai mgonjwa karogwa. Mimi ni muuguzi wa pwani hii, na nasema wazi: anayeeneza ni mbu.

Mbu huambukiza minyoo iitwayo Wuchereria bancrofti. Minyoo hiyo, myembamba kama uzi, huishi miaka ndani ya mirija ya limfu, inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Mirija hutanuka, vali zake huharibika, majimaji hukosa njia. Yakijaa mguuni ni matende. Yakijaa kwenye mfuko wa korodani ni busha.

Juzi mvuvi mmoja alinionyesha mguu wake uliovimba. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imelowa na kuchanika, na hapo ndipo bakteria hupenya na kuleta homa kali. Nilimwelekeza auoshe kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri, na akipumzika auinue.

Tangu 2000 Tanzania inagawa kingatiba ya albendazole na ivermectin. Tumezeni, maana hukata maambukizi. Lakini vidonge haviondoi busha lililokwisha kujaa. Dawa yake ni upasuaji. Ndiyo maana naomba upasuaji huo ufanyike mwaka mzima karibu na vijiji vya wavuvi, usisubiri kampeni. Na nyinyi akina baba, msijifiche ndani kwa aibu. Njooni mapema, mpone, mrudi kazini.