Tutenge shamba la mbegu ya muhogo

Ndugu msomaji, leo naanzia mbali kidogo, baharini, halafu tutarudi nyumbani Ngara na Biharamulo. Nivumilie.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga matumbawe ndani ya nyumba zao. Ndiyo, matumbawe kama yale ya Bahari ya Hindi, yamo kwenye tanki la kioo sebuleni, maji ya chumvi ndani na taa kali juu. Tumbawe ni mnyama, lakini aina nyingi ukizikata tawi na kuligundisha kwenye kijiwe, tawi lile linakua na kuwa tumbawe jipya, pacha wa lile la kwanza. Wafugaji wazoefu hawavikuzi vipandikizi hivyo katika tanki la sebuleni. Wana tanki jingine la pembeni, halina mapambo, kazi yake ni kukuza vipandikizi tu. Na kipandikizi kilichotoka kwa mwenzao hakiingii moja kwa moja. Kinaoshwa kwa dawa, kinatengwa, kinaangaliwa. Kinaweza kuwa kimebeba minyoo inayokula matumbawe, na ikifika tanki kubwa inamaliza kila kitu.

Hata hapa Afrika Mashariki jambo hili lipo, tena si la mapambo. Mkwiro, katika Kisiwa cha Wasini kusini mwa pwani ya Kenya, vipandikizi vya matumbawe hukuzwa kwanza kwenye vitalu chini ya maji, ndipo vinapelekwa kuponya miamba iliyoharibika.

Sasa utaniuliza, Ngara na matumbawe wapi na wapi? Sisi bahari tunaiona kwenye kalenda. Kweli. Lakini tuna mmea unaozaliana vile vile, kwa kukatwa na kupandikizwa, na tunaula karibu kila siku. Ni muhogo. Hoja yangu leo ni kwamba mtu anayefuga matumbawe kwa starehe anakilinda kipandikizi chake kuliko sisi tunavyoulinda ugali wetu.

Tuangalie tunavyofanya. Mvua zikikaribia, mtu anakwenda kwa shemeji yake, anafunga mzigo wa miti ya muhogo, anaupakia kwenye baiskeli au bodaboda, anafika kwake anakata pingili na kupanda. Asante sana shemeji. Hakuna aliyeuliza muhogo ule ulikuwaje chini. Ni mila nzuri, maana mbegu ya muhogo kwetu haiuzwi, inatolewa, na kumnyima mtu ni kama kumnyima maji. Tatizo ni kwamba ugonjwa nao unapakiwa kwenye baiskeli hiyo hiyo.

Magonjwa yenyewe ni mawili, na yote yanaletwa na virusi. La kwanza ni batobato. Hili kila mkulima analijua, majani yanajikunja na kuwa na madoa ya njano na kijani. Liliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka milima ya Usambara. Lile kali lilianzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limeshaingia Kagera.

La pili ni michirizi kahawia, na hili ndilo linalonitisha. Lilielezwa na mtafiti Storey mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini ni ugonjwa wa pwani na maeneo ya chini, kwamba juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari hausumbui. Sisi tuko juu zaidi ya hapo. Hata uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134. Basi tukajiona tuko salama. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye nchi ya juu, na baada ya hapo ukaenea Kanda ya Ziwa yote. Rwanda na Burundi nako upo. Virusi havigongi muhuri Rusumo wala Kabanga.

Ubaya wa michirizi kahawia ni kwamba unajificha. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Muhogo unasimama vizuri, majani ya juu ya kijani, labda yale ya chini tu yana unjano kwenye mishipa, na ukikaa sawasawa utaona mistari ya kahawia kwenye shina. Siku ya kuvuna ndiyo unajua. Unakata muhogo, ndani kuna doa la kahawia, gumu, kavu, kama gome la mti. Huo huuzi na huli. Mwaka mzima wa jembe umekwenda. Na kwa kuwa muhogo ndiyo akiba yetu mvua inapogoma, ukioza chini ya ardhi ina maana ghala limeungua na wewe umelala.

Ugonjwa huu una njia mbili. Inzi weupe wanaubeba kutoka mmea hadi mmea, lakini si mbali sana. Safari ndefu, ya kutoka kata hadi kata na wilaya hadi wilaya, inafanywa na sisi wenyewe kwa kubeba pingili. Tena pingili yenye ugonjwa inazaa mmea wenye ugonjwa, ambao mwakani utakatwa pingili nyingine. Kama lile tumbawe, ni pacha. Kila tabia ya mama anayo, na maradhi ya mama anayo.

Kwa hiyo napendekeza kila kaya yenye shamba la muhogo iwe na shamba la pembeni la mbegu. Wala si kubwa. Tupige hesabu. Chukua kipande cha mita 10 kwa 10. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kwa moja unapata miche 100. Mche mmoja kwa mwaka hutoa pingili kama 10. Hizo ni pingili 1,000, zinatosha robo ekari. Kipande cha uwanja wa nyuma ya nyumba kinakulisha robo ekari kila msimu!

Masharti yake si ya chuo kikuu. Kwanza, kiwe mbali na shamba la muhogo wa zamani kadiri unavyoweza. Pili, mbegu ya kuanzia itoke mahali panapokaguliwa, kwa mkulima aliyesajiliwa na TOSCI kuzalisha mbegu za muhogo, na iwe aina inayovumilia magonjwa. TARI Maruku wapo Bukoba kwa ushauri, na bwana shamba wa kata analipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo. Tatu, kipande kikaguliwe kila wiki tangu miche inapochipua, na mche wenye dalili ung'olewe na kuchomwa bila huruma. Nne, ukivuna, pasua muhogo kwanza uangalie ndani, ndipo ukate pingili za shina hilo. Leo wengi tunakata pingili kwanza na muhogo tunaupasua jikoni, wakati mbegu imeshapandwa. Tahadhari hii haimalizi hatari yote, maana mmea unaweza kuwa na virusi bila dalili, lakini inapunguza sana.

Najua mtakayosema. "Ardhi iko wapi?" Nimeshajibu, mita 10 kwa 10. "Nitanunuaje mbegu wakati shemeji ananipa bure?" Swali zuri. Unanunua mara moja kwa ajili ya kipande kidogo, halafu unajizalishia mwenyewe na shemeji unampa. Mila ya kugawana ibaki, ila tugawane kutoka shamba la pembeni na si kutoka shamba la kula.

"Jirani yangu asipofanya, inzi si watarudi kwangu?" Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake lipo karibu. Chato, ambayo hadi katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa sehemu ya Biharamulo, ni moja ya sehemu mbili nchini ambako watafiti na wanavijiji walijaribu kitu kigumu katika miaka ya 2010. Nyingine ilikuwa Mkuranga. Wakulima wa eneo moja waling'oa mihogo yao ya zamani wote kwa pamoja, wakapanda mbegu iliyopimwa na kuthibitishwa kuwa safi, na kamati za wanakijiji zikawa zinapita kukagua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Ugonjwa haukwisha kabisa, lakini mavuno yalipanda. Kwa hiyo kijiji kizima kinaweza, kikiamua.

Hata kwenye migomba tumelipitia hili. Mnyauko ulipoingia Kagera mwaka 2006 tulifundishwa kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Mwanzoni watu walicheka. Mgomba ulipoanza kukauka hawakucheka tena.

Sasa niseme na wakubwa wa halmashauri zote mbili. Kila penye upungufu wa chakula utasikia lori la pingili limekabidhiwa, picha zimepigwa, hotuba zimetolewa. Ninachoomba ni karatasi moja tu iambatane na lori hilo, inayosema pingili zimetoka shamba gani na nani alizikagua. Bila karatasi hiyo, msaada unaweza kuwa ndio unaosambaza njaa ya mwakani. Na madiwani wetu, badala ya kugombania nani alileta lori, watunge sheria ndogo ya kila kijiji kuwa na shamba moja la mbegu linalokaguliwa. Pingili haikai muda mrefu baada ya kukatwa na ni mzigo mzito kusafirisha, hivyo shamba la mbegu lililo Bukoba halimsaidii mtu wa Rulenge au Nyakahura. Lazima liwe karibu.

Mimi ni mwandishi wa habari, si mtaalamu wa kilimo. Lakini kama mtu wa London anaweza kutenga tanki zima kwa ajili ya tawi la tumbawe ambalo hatalila, sisi tunashindwaje kutenga mita 10 kwa ajili ya ugali?

Mvua za vuli haziko mbali kila mwaka. Kabla hujafunga mzigo kwenye baiskeli, muombe shemeji ang'oe shina moja, mlipasue muhogo wake pamoja mtazame ndani.

Naomba kutoa hoja.