Jiji la Dar es Salaam lina watu wangapi?

Kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali,
Ofisi ya Taifa ya Takwimu,
Dodoma.

Ndugu Mtakwimu Mkuu,

Naanza na takwimu zenu wenyewe. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728. Lakini mkoa si jiji. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi, na tangu hapo Jiji la Dar es Salaam kisheria ni ile Ilala, yenye watu 1,649,912. Kwa hesabu hiyo Masaki haimo jijini, ni Kinondoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hakimo, wala stendi kuu ya mabasi ya Mbezi. Vyote viko Ubungo. Aliyemo ni mwenye shamba la mihogo kule Chanika.

Sasa panda daladala Mbagala Rangi Tatu, shika Barabara ya Kilwa kuelekea kusini. Ukivuka Kongowe, hutaona mahali mji ulipoishia. Maduka ya mabati na saruji yanaendelea, vibanda vya chipsi vinaendelea, bodaboda wamejipanga kila kona. Ukifika Mwandege umeshaingia Mkuranga, mkoa wa Pwani. Wanaodamka saa kumi alfajiri kuwahi Kariakoo wanahesabiwa kuwa watu wa Pwani, na upande wa Kibaha hali ni hiyo hiyo. Ndiyo maana swali la kichwa cha barua hii halina jibu katika vitabu vyenu, ingawa kila mtu analijibu kwa kujiamini.

Dodoma ni kinyume chake. Ilitangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na eneo lake ni karibu mara mbili ya mkoa mzima wa Dar es Salaam. Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu, ni jijini. (Chuo cha Serikali za Mitaa kipo huko huko, sijui wanafunzi wanafundishwaje somo hili.)

Simlaumu waziri wala tangazo la Gazeti la Serikali. Hadhi ni ya wanasiasa, kila nchi na yake. Uingereza jiji hutokana na ridhaa ya mfalme: St Davids, yenye watu wasiofika 2,000, ni jiji, na Reading yenye zaidi ya 150,000 imeomba mara kadhaa ikanyimwa. Kinachonisumbua ni mtakwimu kusubiri waziri ndipo ahesabu.

Wahindi hawasubiri. Kwao makazi yakifikisha watu 5,000, wakawa 400 kwa kila kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wanaofanya kazi hawategemei kilimo, sensa inayahesabu kuwa mji hata kama bado yanaongozwa na baraza la kijiji. Mwaka 2011 walikuta miji ya namna hiyo 3,894. Haikupata meya wala manispaa. Ilijulikana ipo, basi.

Tena kipimo cha kimataifa kipo. Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikiridhia Machi 2020: nchi inagawanywa viraba vya kilomita moja kwa moja, viraba vinavyopakana, kila kimoja kikiwa na watu wasiopungua 1,500, vikikusanya watu 50,000, hilo ni jiji, mpaka wa mkoa upite popote upitapo. Umoja wa Mataifa ulipokitumia mwaka 2025, Jakarta iliipiku Tokyo kwa ukubwa, ikiwa na watu karibu milioni 42, wakati mkoa wa Jakarta wenyewe hauna hata theluthi yao.

Malighafi mnayo. Mwaka 2022 makarani walipita na vishikwambi, na majengo nayo yakahesabiwa. Ninachoomba ni jedwali moja zaidi, lianze na sensa hiyo hiyo bila kungoja ya 2032: miji yetu kwa viraba, kando ya halmashauri zetu kwa sheria. Barabara ya mwendokasi ya huku kwetu inaishia Mbagala. Sisemi takwimu ndizo zilizoikatia pale, ila mpangaji wa awamu ijayo akiuliza jiji linaishia wapi, ofisi yako ndiyo inayopaswa kumjibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Vikindu, Mkuranga