Kwa Baiskeli Hadi Lushoto
Barabara ya Mombo hadi Lushoto, yenye urefu wa kilomita zipatazo 33, hupanda milima ya Usambara Magharibi kupitia korongo, yaani bonde jembamba lenye kingo za mwamba, na hakuna chombo kinachomfundisha mtu umbo la milima hiyo vizuri kuliko baiskeli, kwa kuwa mwendo wake wa taratibu humwezesha mpandaji kuhisi joto la mashamba ya mkonge likibaki kwenye tambarare na ubaridi ukimpokea karibu na maporomoko ya Soni. Kushuka, ambako wengi hukuona kuwa ndiyo raha yenyewe, kwataka uangalifu zaidi: breki zikibanwa mfululizo, mipira yake hupata moto kwenye rimu, hulainika na kuanza kunuka, na kona zinazostahili kutazamwa kwa utulivu humjia mpandaji asiye na uwezo wa kusimama.