Mliorejea, karakana ya risasi iacheni huko huko

Barua moja niliyoipata mwezi uliopita imenifanya niweke kando niliyokuwa nimepanga kuandika. Aliyeiandika ni ndugu aliyeishi Idaho, Marekani, tangu alipochukuliwa kutoka kambini Kigoma pamoja na wakimbizi wengine wa Burundi wa mwaka 1972, wale ambao Marekani ilianza kuwapokea mwaka 2007. Sasa anarudi. Ana kiwanja, anajenga, na kontena lake liko njiani kupakiwa. Ndani yake anataka kuweka meza ya kazi, jiliwa, mizani na mtambo wa mkono wa kujazia risasi. Anauliza: je, vitapita mpakani? Na akishafika, anaweza kuendelea na shughuli yake ya jioni kama alivyozoea?

Jibu langu ni hapana. Lakini kabla ya kueleza sababu, niwatoe hofu wasomaji ambao hawajawahi kuiona karakana ya namna hiyo, maana wengi watadhani ndugu huyu ni mtu wa hatari. Si hivyo hata kidogo.

Risasi moja ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki ndogo iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda linabaki, nalo ndilo lenye gharama kubwa kuliko sehemu nyingine. Mmarekani mwenye mazoea haya haliachi porini. Analiokota, analisafisha, analirudisha katika umbo lake kwa mtambo, kisha analijaza upya. Ganda zuri hutumika mara tano, pengine hata kumi.

Niliingia katika karakana moja ya aina hiyo huko Boise mwaka 2014. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu, mwindaji wa kulungu. Nilichokiona kilinikumbusha sonara kuliko askari. Simu iliachwa sebuleni, redio ikazimwa, na mzee akapima baruti kwa greini, kipimo kidogo ambacho 7,000 yake ndiyo ratili moja. Alikuwa na daftari la kila fungu alilowahi kujaza, kwa tarehe. Alinieleza kwamba baruti ikiingia mara mbili katika ganda moja, bunduki inaweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Wajukuu hawakuruhusiwa kukanyaga mle, na kila alipotoka alinawa mikono kwa sabuni. Kiswahili chetu kimeliita lile madini na kitu chenyewe kwa jina moja, risasi, na madini hayo ni sumu mbaya kwa ubongo wa mtoto.

Wala si mchezo ulioanza jana. Wawindaji wa nyati katika mbuga za Marekani miaka ya 1870 walijaza risasi zao kambini. Kampuni ya RCBS, ambayo jina lake halikosekani kwenye mitambo hii, ilianzia Oroville, California, mwaka 1943, wakati vita vikuu vilipofanya risasi za raia ziadimike. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoingia, watu walikimbilia maduka ya silaha hadi rafu zikabaki tupu. Wenye karakana wakaendelea kuwinda, mpaka fataki nazo zilipokosekana. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni ya mtengenezaji. Akitaka kuuza, hapo ndipo leseni inapohitajika.

Nasi tusijifanye wageni wa mambo haya. Kigoma, Tabora na Katavi, mwenye gobore amekuwa akijijazia tangu enzi za babu zake, na wahunzi wetu wanajua kazi hiyo. Kwa hiyo simwambii ndugu yangu kwamba shughuli yake ni ya kizungu, au kwamba Mwafrika hawezi kuwa na uangalifu wa kutosha. Hoja yangu ni nyingine.

Marekani imejaa risasi. Duka la vifaa vya michezo linaziuza kama linavyouza ndoano. Mzee wa Boise akijaza 50 jioni moja, ameongeza tone baharini. Huku kwetu mambo yamekaa kinyume. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, vya Rwanda, na vya Kongo ambavyo havijapoa, vimeacha bunduki chini ya vitanda, kwenye mashina ya migomba, kwenye dari. Nyingi zimenyamaza kwa sababu moja tu: mwenye nayo hana cha kutia. Bunduki isiyo na risasi ni rungu la bei mbaya. Sasa wewe lete mtambo mtaani, hata kama nia yako ni kulenga makopo tu. Kijana atakayekusaidia kufagia atajifunza. Jirani atajua. Siku moja usiku watakuja watu ambao hawakuja kununua, na hutakuwa na wa kumwambia hapana.

Najua watakaonijibu. Watasema mtambo wa mwindaji haufai kwa risasi za kivita tunazozijua huku, maana nyingi zina maganda ya chuma na fataki za aina nyingine ambazo hazitoki kirahisi. Ni kweli, tena wanaojua kazi hii ndio wa kwanza kulisema. Lakini bunduki zilizozagaa si za aina moja. Zipo za uwindaji, zipo za walinzi wa ranchi, zipo kuukuu zilizopita mikono mingi. Isitoshe, mtambo wenyewe si kitu cha ajabu kwa fundi mzuri wa chuma, na fundi wazuri tunao.

Kuna pia suala la nyumba zenyewe. Kanuni za kinga ya moto zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinaweka kikomo cha baruti ya kisasa anayoweza kuwa nayo mtu nyumbani, kiasi cha ratili 20, karibu kilo 9, tena katika makopo yake ya asili. Zimeandikwa kwa kuzingatia nyumba za kule, ambako gereji huwa pembeni na kikosi cha zimamoto kinafika. Wengi wetu tunapanga vyumba, ukuta mmoja watu wawili, jiko la mkaa kwenye ukumbi. Sina haja ya kuendelea.

Na sheria? Tanzania, sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi inakataza kutengeneza risasi bila leseni. Kenya vivyo hivyo, kazi hiyo ni ya waliosajiliwa. Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi Aprili 2004, zikakubaliana kudhibiti utengenezaji na uvushaji wa silaha ndogo na risasi. Hakuna mahali katika haya palipoandikwa kwamba mstaafu aliyetoka Idaho ana msamaha wake. Tena kontena halijafika hata Dar es Salaam kabla ya matatizo kuanza: baruti na fataki haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya abiria wa ndege za Marekani, na kwenye meli ni mzigo wa hatari unaotakiwa kutajwa kwa jina.

Kwa haki nitaje upande wa pili. Risasi zinazoua watu katika ukanda huu hazitoki kwenye gereji za wastaafu. Utafiti wa shirika la Small Arms Survey uliotolewa mwaka 2008 kuhusu Turkana Kaskazini ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa nchi hiyo hiyo. Viwanda vya serikali vipo, Eldoret, Morogoro, Nakasongola. Serikali inayomnyang'anya mstaafu mizani yake huku kitabu cha ghala lake hakijakaguliwa mwaka mzima, inatufanyia mzaha. Hilo halimfungulii mstaafu mlango. Linasema tu kwamba mlango mkubwa zaidi uko wazi.

Sasa niwageukie wafanyabiashara, maana hawa ndio wanaoumia bila kujua. Ganda la risasi lina takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hiyo ni mali, tena nzuri, na bei yake haikaribiani na ya bati. Mama anayevusha magunia ya skrepa kutoka Kongo au Burundi anapokea mchanganyiko: mabomba, vitasa, sufuria, na katikati yake maganda. Yeye anaona kilo. Askari anayefungua gunia anaona kitu kingine. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha inahesabu ganda, fataki, baruti na kichwa, kila kimoja peke yake, kuwa ni risasi, pale nchi husika inapovidhibiti vitu hivyo. Na katikati ya maganda matupu haikosekani moja ambalo si tupu. Likiingia kwenye tanuri la myeyushaji, mnajua kitakachotokea.

Tangu Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025, mizigo inayotoka upande ule inatazamwa kwa jicho kali zaidi, na ni haki itazamwe. Kwa hiyo mama zangu na kaka zangu wa skrepa, mwageni gunia chini kabla ya kulipakia. Maganda yatengeni, msiyanunue, na muuzaji akilazimisha, mwacheni na mzigo wake wote. Mkikuta moja lenye kichwa, msiligonge wala kulikata. Liacheni lilipo, mwiteni askari.

Nawe ndugu wa Idaho, leta jiliwa, leta meza, leta na mizani. Masonara wa Kahama watakuonea wivu kwa mizani hiyo. Mtambo, vichwa, maganda na fataki mwachie jirani yako kule anayewinda, na umpe na daftari.

Kwa wakuu wa forodha nina ombi moja. Pale Kabanga, Rusumo, Mutukula na Namanga kuna mabango ya kila namna, ya magonjwa, ya mifuko ya plastiki, ya fedha za kigeni. Wekeni moja lenye picha ya ganda, fataki, kopo la baruti na mtambo wa mkono, na chini yake maandishi ya Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, makubwa ya kusomeka kutoka dirishani mwa basi.